Kura ya Damu ya Desderi

Bangili ilipotetemeka mkononi mwake, Gaudensia Wangao alikuwa jikoni akichambua maharage, na hakuhitaji kuitazama ili ajue ni nini. Mji mzima wa Itindi ulikuwa ukingoja matokeo hayo tangu asubuhi. Hata hivyo alijifuta mikono, akasoma. Maandishi yalipita juu ya bangili kama yanavyopita siku zote, bila haraka na bila hasira. Hoja imepita. Wananchi tisa katika kila kumi wamekubali kwamba Desderi Kasikila atoe damu kadiri hospitali itakavyoona inafaa, awe radhi au asiwe radhi. Utekelezaji umezuiwa na Kifungu cha Pili. Wadhamini wanaitwa.

Akakaa kwenye kigoda. Wadhamini walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa yeye.

Itindi ulijengwa juu ya uwanda wa Ufipa baada ya joto kuyafanya mabonde yasikalike. Watu walipanda huko na mbegu, na mifugo michache, na uchovu mkubwa wa kutawaliwa. Walikuwa wameshaahidiwa sana, wakadanganywa sana, wakaapa kwamba safari hii hakuna mtu atakayeamua kwa niaba yao. Ndipo wakaunda Kauli. Kauli haikuwa serikali, wala haikuwa na akili ya kutunga jambo lolote. Ilikuwa mtambo wa kuhesabu na kutenda. Mtu mzima yeyote aliweza kuuliza swali. Wakipatikana wa kumuunga mkono, swali liliingia kwenye bangili za wote, wote wakajibu kwa kugusa, na Kauli ikatenda palepale, kwa kuwa mabomba, milango, mageti, umeme na mashine za hospitali vyote vilikuwa chini yake. Hapakuwa na waziri wa kuhongwa wala mbunge wa kusubiriwa. Watu waliweza kubadili chakula cha watoto wa shule kabla maji ya ugali hayajachemka.

Jambo moja tu waasisi waliliogopa, nalo ni wao wenyewe. Kabla ya kuiwasha Kauli waliandika vifungu vitano ambavyo mtambo huo usingeweza kuvivuka, hata watu wote wakisema ndiyo. Cha pili ndicho kilichokuwa kifupi kuliko vyote: Mwili wa mtu ni wake, na haupigiwi kura. Ili kukifungua, wadhamini watatu walitakiwa kuweka viganja vyao kwa pamoja juu ya sahani ya shaba iliyokuwa katika jumba la mji. Tangu Itindi uwepo, sahani hiyo ilikuwa haijaguswa ila na wafagiaji.

Gaudensia alivaa koti, akayaacha maharage mezani, akatoka.

*

Katika jumba la mji aliwakuta wenzake wawili wameshafika. Kornel Sichilima alikuwa mwalimu mstaafu, mtu mpole ambaye Gaudensia alimheshimu. Leokadia alikuwa msimamizi wa maghala, na macho yake yalikuwa mekundu. Daktari mkuu wa hospitali alikuwepo pia, akawaeleza tena yale ambayo kila mtu aliyajua. Vumbi lililopeperushwa kutoka mabondeni lilibeba kuvu ambao hushika mizizi ndani ya mapafu. Watu wazima wengi waliugua wakapona kwa taabu, watoto hawakupona. Desderi, fundi wa kuziba vioo vya mabanda ya mazao, aliugua mapema akapona kwa namna isiyoeleweka, na damu yake ikakutwa na kingamwili ambazo hakuna mwingine aliyekuwa nazo. Hospitali ilijaribu kuzikuza kwenye matangi, zikaharibika zote. Zilizalishwa ndani ya mtu huyo mmoja tu.

Kwa mwaka mzima Desderi aliitwa akaja. Alilala kwenye kitanda, mashine ikamtoa damu, ikachuja maji ya damu hiyo, na maji hayo yakawaokoa watu. Mwisho alianza kutetemeka mikono, akaanguka kutoka juu ya banda, akakaa wiki nzima hamtambui mkewe. Alipotoka hapo akasema basi. Sasa wadi ya watoto ilikuwa imejaa, na mahitaji yalikuwa makubwa kuliko yale ya mwaka jana. Gaudensia akauliza kama mtu anaweza kutoa kiasi hicho akabaki mzima. Daktari alitazama viatu vyake, akajibu kwamba anaweza kubaki hai.

Kornel aliweka kiganja chake kwenye shaba. Leokadia naye akaweka, akiwa analia. Wote wawili wakamtazama.

"Siwezi," alisema Gaudensia.

Kornel hakumkaripia. Alimvuta pembeni kama mtu anayemshauri ndugu yake. Alimkumbusha kwamba yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kutibiwa kwa maji ya damu ya Desderi, na kwamba watu wanalijua hilo, na wameshaanza kusema kwamba amekunywa akashiba, sasa anafunika kisima. Halafu akamuuliza jambo ambalo lilimkaa moyoni siku zote zilizofuata.

"Mama Wangao, mji huu ni wa nani? Kama ni wa wananchi, na wananchi wamesema, sisi watatu ni nani hata tuwazuie? Tulikimbia wafalme, tukaja kuwa wafalme hapa?"

Gaudensia alijaribu kumjibu. Alisema watu wa Itindi hawakupanda uwanda huu ili wawe na mfalme mwenye vichwa elfu ishirini. Alisema wengi wana haki ya kuamua juu ya maji, barabara, shule na mipaka, ila kuna mahali mkono wao unapaswa kukoma, na mahali hapo ni ngozi ya mtu. Aliisikia sauti yake ikirudi kutoka kwenye kuta za jumba, ikawa kama sauti ya mtu anayesoma maandishi ya zamani. Kornel aliitikia kwa kichwa, kwa huzuni, kama mtu anayemkubalia mgonjwa.

*

Wadi ya watoto ilikuwa upande wa mashariki wa hospitali. Huko ndiko alikokuwa mpwa wake Teopista, binti wa dada yake, akiwa amekaa kando ya kitanda cha mwanawe Winifrida, mtoto wa miaka sita. Kila mtoto alipovuta pumzi, kifua kilitoa mlio kama wa karatasi inayokunjwa. Gaudensia alikuwa amekuja kila siku tangu mtoto alazwe.

Teopista alimpisha kiti, akamwamkia kama kawaida, akamuuliza kama amekula. Habari zilikuwa zimeshafika. Hakuna habari iliyochelewa Itindi. Kwa muda walizungumzia homa ya mtoto, na dawa ya kikohozi isiyosaidia, na blanketi ambalo Gaudensia alikuwa amelileta jana. Kisha Teopista akamwomba, bila kupandisha sauti, amweleze vizuri, kwa sababu yeye hakusoma sana mambo ya vifungu na angependa kuelewa.

Gaudensia akamweleza. Alisema kuna namna mbili za watu kujitawala, na zinafanana mpaka siku ya shida. "Demokrasia inauliza wengi wanataka nini," alisema. "Jamhuri inauliza hilohilo, halafu inauliza tena, je, wengi wanaruhusiwa kulitaka? Sisi tulichagua zote mbili, mwanangu. Kauli ni ya kwanza. Vile vifungu ni ya pili. Leo tukimtoa Desderi damu kwa nguvu kwa sababu tuko wengi, hakuna atakayekuwa salama isipokuwa yule aliye upande wa wengi, na hakuna aliye upande huo siku zote."

Teopista alisikiliza mpaka mwisho. Alimfuta mtoto jasho.

"Na Wini wangu, mama mdogo? Yeye anaruhusiwa kufa?"

Gaudensia alitafuta jibu kwa moyo wote, kwa sababu alimpenda yule mtoto kuliko alivyopenda kifungu chochote, na hakulipata. Alijua kitu kimoja tu, kwamba kutokuwa na jibu hakukumpa haki ya kwenda kumshika mtu mwingine na kumlaza kitandani kwa nguvu. Lakini jambo hilo haliwezi kusemwa mbele ya mtoto anayepumua vile. Alikaa mpaka muuguzi alipokuja kubadilisha dripu, akamshika mtoto mguu juu ya blanketi, akaondoka. Teopista alimsindikiza mpaka mlangoni. Hakumtukana. Gaudensia alitamani angemtukana.

*

Kesho yake asubuhi alikwenda kwa Desderi. Nje ya nyumba yake walisimama watu labda mia moja. Hawakupiga kelele, hawakushika mawe. Baadhi yao waliweka vyakula mlangoni, ndizi na sufuria za maharage na kuku wa kuchemsha, ili apate nguvu. Walimpisha Gaudensia apite, na mwanamke mmoja asiyemjua akamwambia kwa upole kwamba wanamwombea Mungu ampe moyo laini.

Desderi alimkaribisha ndani. Alikuwa na miaka arobaini na kidogo, lakini alitembea kama mzee, na kikombe cha chai alichompa Gaudensia kilikuwa kimejaa nusu tu, kwa sababu kikijaa angemwaga. Mkewe alikuwa amekwenda kwa wazazi wake. Majirani walikuwa wameacha kumsalimu.

Gaudensia alikuwa amekuja na ombi, na alilisema kwa aibu. Je, asingeweza kutoa kidogo tu, kwa hiari yake, kwa ajili ya wale watoto walio hali mbaya zaidi? Alimtaja Winifrida. Alisema hamlazimishi, anaomba tu.

"Mama, nimeombwa mwaka mzima," alisema Desderi. "Kila mara ni kidogo tu, kwa ajili ya walio na hali mbaya zaidi. Nami nilikuwa nakwenda, nikijua naweza kukataa. Ndicho kilichonipa nguvu ya kwenda. Sasa wamenipigia kura. Nikienda leo, hata kwa miguu yangu, nitakuwa nimepelekwa." Alitazama upande wa mlango. "Wakiifuta ile kura, nitakaa hapa nifikirie. Labda nitakwenda. Kwa yule binti wako labda nitakwenda. Lakini waifute kwanza."

Gaudensia alitoka akawaeleza watu waliosimama nje. Aliwaambia kuna njia, kwamba mtu huyu hajafunga moyo, anachotaka ni kuombwa na si kuamriwa. Walimsikiliza vizuri. Mwanamume mmoja mwenye mtoto mgongoni akauliza, je, wakiifuta na yeye akafikiria, kisha akasema hapana? Gaudensia akakiri kwamba hilo linawezekana. Mwanamume akatikisa kichwa. Alisema yeye hana muda wa kumngoja mtu afikiri. Wengine wakakubaliana naye, na Gaudensia akaona kwamba katika hali yao hata yeye angekubaliana.

Hata hivyo alirudi nyumbani akaiuliza Kauli swali, kama raia yeyote: kura ya Desderi ifutwe, aombwe upya. Hakupata watu wa kutosha kumuunga mkono. Swali halikufika hata kwenye bangili.

*

Lililofika kwenye bangili, mchana wa siku hiyohiyo, lilikuwa swali jingine. Mdhamini Gaudensia Wangao aondolewe, na nafasi yake ishikwe na Teopista, mama wa mgonjwa?

Alilisoma akiwa amesimama katikati ya chumba. Kwanza alidhani Kauli italizuia. Kisha akakumbuka jinsi mambo yalivyopangwa. Vifungu vilifungwa, lakini wadhamini hawakufungwa. Waasisi waliogopa kuweka watu wa kudumu wenye nguvu ya kuzuia mji, wakaamua kwamba wadhamini wachaguliwe na waondolewe kwa kura ya kawaida, kama msimamizi wa soko au mkuu wa shule. Wakati ule kila mtu aliliona hilo kuwa jambo la busara. Hakuna aliyefikiria kwamba mlango wa chuma unaofungwa kwa ufunguo ulioachwa mezani haujafungwa.

Aliitwa aseme neno, kwa kuwa ndio utaratibu, na sauti yake ikapelekwa kwenye nyumba zote. Alisema alichoweza. Aliwaambia hawamwondoi yeye, wanaondoa ukuta, na baada ya leo ukuta hautakuwepo hata kama sahani ya shaba itabaki pale. Aliwaambia kwamba hakatai watoto wapone. Aliongea kwa unyenyekevu, na alipomaliza hapakuwa na wa kumjibu, kwa sababu hapakuwa na haja ya kumjibu. Watu waligusa bangili zao wakaendelea na kazi.

Wingi wa kura ulikuwa mkubwa kuliko ule wa kwanza. Hakuna aliyekuja kumnyang'anya kitu. Hakuwa na kitu cha kunyang'anywa. Ilikuwa tu kwamba kiganja chake, ambacho jana kilizuia mji mzima, sasa kilikuwa kiganja cha mwanamke yeyote.

Alikwenda jumba la mji ingawa hakuitwa. Alimkuta Teopista amesimama mbele ya sahani kati ya Kornel na Leokadia, amevaa gauni alilolala nalo hospitalini. Teopista alimwona. Wote wawili walikuwa wameshasema yote. Teopista akainamisha kichwa, akaweka kiganja chake kwenye shaba.

Hakuna kengele iliyolia. Mstari mmoja ulipita kwenye bangili za wote. Kifungu cha Pili kimefunguliwa.

Gaudensia alikimbia. Alikuwa na wazo, la kijinga, kwamba angemfikia Desderi kwanza, amtoe nje ya mji kwa geti la kaskazini. Alifika akitweta, akakuta mlango wa nyumba uko wazi. Kauli ilikuwa imeshaufungua, na ilikuwa imeshayafunga mageti yote ya mji ili Desderi asitoke. Mwenyewe alikuwa anatoka, amevaa koti na viatu, amenyoa ndevu. Watu walimfungulia njia. Baadhi walipiga magoti. Wengine walimshukuru, wakamwita baba. Hakumjibu mtu. Alipompita Gaudensia alimgusa bega kidogo, kama kumwambia kwamba ameona alivyojaribu.

*

Watoto walipona. Jambo hilo lazima lisemwe, kwa kuwa ni kweli. Winifrida aliamka siku moja akaomba uji wa ulezi, na baada ya wiki chache alikuwa anakimbia kwenye varanda za hospitali, akikemewa na wauguzi. Teopista alimleta mpaka nyumbani kwa Gaudensia. Mtoto alimrukia shingoni, na Gaudensia akamshikilia, akalia, na hakuweza kusema kwamba analia kwa furaha peke yake wala kwa huzuni peke yake. Teopista alisimama mlangoni. Hakuingia mpaka alipoambiwa aingie.

Mji ulimpenda Desderi. Wakapiga kura jina lake lipewe barabara kuu. Wakapiga kura siku aliyoingia hospitali iwe sikukuu. Wakapiga kura chumba chake kiwe chenye dirisha linalotazama mabanda ya mazao, kwa sababu alikuwa fundi wake, na nyama isikosekane katika chakula chake. Hoja zote zilipita, karibu bila wa kupinga. Hakuna aliyeuliza lini atakwenda nyumbani, kwa sababu vumbi lilikuwa bado linapanda kutoka mabondeni, na daktari alikuwa amesema ni vyema kuwa na akiba.

Gaudensia alimtembelea mara kwa mara. Siku moja alimkuta amelala, amekonda, ngozi yake imekuwa na rangi ya majivu, na mikono yake imefungwa kwa vitambaa laini ili isitetemeke wakati mashine inafanya kazi. Alimweleza habari za barabara na za sikukuu. Desderi alisikiliza, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama wamempigia kura ya kurudi nyumbani.

Ikabidi amwambie. Alikuwa ameliuliza swali hilo yeye mwenyewe, na safari hii alikuwa amehangaika nyumba kwa nyumba mpaka akapata wa kumuunga mkono, na Teopista alikuwa miongoni mwao. Swali lilikuwa limeingia kwenye bangili asubuhi hiyo. Matokeo yalikuwa yametoka alipokuwa njiani.

"Wamekataa," alisema. "Lakini wanne katika kila kumi walikubali uende."

Desderi aligeuza uso dirishani.

"Wengi hao," alisema.

"Ni wengi."

"Mwanzoni alikuwa mmoja tu katika kumi." Alifumba macho. "Ni watu wazuri, mama. Mimi nawajua. Vioo vyao vyote nimeviziba mimi."

Muuguzi aliingia akisukuma kitoroli. Alikuwa kijana mwenye mikono ya taratibu, na alimwamkia Gaudensia kwa adabu. Alifungua kitambaa cha mkono wa kulia, akaupangusa kwa pamba, akaiandaa sindano, halafu akauliza swali ambalo wauguzi wa Itindi walifundishwa kumuuliza kila mtoaji wa damu tangu hospitali ilipofunguliwa, na ambalo hakuna aliyekumbuka kuliondoa.

"Kaka Desderi, uko tayari?"

"Hapana," alisema Desderi.

"Asante," alisema muuguzi kwa upole, akainama akaanza kutafuta mshipa.

Gaudensia alivuta kiti karibu na kitanda. Akaushika ule mkono mwingine wa Desderi, akaukuta wa baridi, akaufunika kwa mikono yake yote miwili.